Mwanza hadi Guangzhou: kilomita 9,135 kwa mstari wa anga, lakini safari yenyewe ni ya muda gani?

Msafiri wa Kamanga (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Mwanza.

Mwaka jana mama yangu mdogo, ambaye anauza vyombo vya nyumbani pale Makoroboi, aliniuliza swali ambalo mimi nililiona jepesi: kutoka hapa kwetu hadi Guangzhou ni mbali kiasi gani, na ndege hutumia muda gani? Alikuwa anajiandaa kwenda kwa mara ya kwanza kwenye yale maonyesho makubwa ya biashara ambayo mji huo umekuwa ukiyafanya tangu 1957, na ambayo huanza mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Nilichukua simu, nikaandika majina ya viwanja viwili, na jibu likaja papo hapo: kilomita 9,100 na ushei, takriban saa 11. Nikamwambia kwamba akiondoka alfajiri, usiku wake atakuwa amelala huko. Hesabu ile haikuwa na kosa, lakini mama mdogo alifika siku ya nne, na fedha aliyopoteza njiani ilikuwa ya mtaji. Tangu hapo nimekaa na jambo hili mpaka nimelielewa, na ninaliandika kwa kirefu kwa sababu najua wapo wengine Mwanza, Musoma na Bukoba watakaoulizwa swali hilo hilo.

Nianze na umbali, kwa kuwa ndio ulio rahisi. Uwanja wetu wa ndege, kule Ilemela, upo nyuzi 2.44 kusini ya ikweta na nyuzi 32.93 mashariki. Uwanja wa Baiyun wa Guangzhou upo nyuzi 23.39 kaskazini na nyuzi 113.30 mashariki. Juu ya tufe, njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili ni kipande cha duara kuu, yaani duara linaloikata dunia katika nusu mbili zilizo sawa. Ukipiga hesabu ya pembe kati ya viwanja hivi viwili unapata nyuzi 82.15, na kwa kuwa kila nyuzi moja ya duara kuu ni takriban kilomita 111.2, jibu ni kilomita 9,135. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, kwa hiyo hesabu ya tufe kamili hukosea kidogo sana, lakini si kiasi cha kumfanya msafiri achelewe.

Jambo la kwanza ambalo simu haikuniambia ni kwamba hakuna ndege ya abiria inayopita kwenye mstari huo. Anayetoka Mwanza hushuka kwanza Dar es Salaam, kilomita 852 kusini-mashariki, ndipo apande nyingine. Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou ni kilomita 8,710. Jumla ni 9,562. Tazameni vizuri hapo: kupitia Dar kumeongeza kilomita 427 tu, ambazo ndege kubwa huzimaliza kwa nusu saa. Mtu anayedhani kwamba safari yetu ni ndefu kwa sababu "tunarudi nyuma" kwenda Dar anailaumu ramani bure. Kinachorefusha safari ni kusimama.

Chukueni mfano huu, ambao si ratiba ya shirika lolote bali ni wa kupigia hesabu. Mama mdogo anatoka nyumbani saa 7 mchana. Ndege ya Mwanza inaondoka saa 10 alasiri na kufika Dar saa 11 na nusu jioni. Ndege ya Guangzhou inaondoka saa 4 na nusu usiku, inakaa angani saa kumi na nusu, na inatua saa 3 asubuhi kwa saa yetu. Uhamiaji, mizigo, forodha na usafiri wa kufika mjini, ambako ni takriban kilomita 28, vinakula saa mbili na nusu nyingine. Anapofungua mlango wa chumba cha hoteli, kwetu ni saa 5 na nusu asubuhi ya siku ya pili. Tangu alipofunga mlango wake Mwanza zimepita saa ishirini na mbili na nusu, na kati ya hizo alizokuwa ndani ya ndege ni kumi na mbili tu. Kwa hiyo karibu nusu ya safari hufanyika chini, kwenye foleni na kwenye viti vya kusubiria, na nusu hiyo haionekani kabisa kwenye jibu linalotolewa kwa kugawanya kilomita kwa mwendo kasi.

Jambo la pili ni saa ya ukutani. China nzima, pamoja na upana wake wote, hutumia saa moja, ambayo ipo mbele ya yetu kwa saa tano. Katika mfano wangu tiketi itaandika kuondoka 22:30 na kufika 14:00 ya kesho yake, na msomaji atahesabu saa kumi na tano na nusu. Wakati wa kurudi tiketi itaandika, tuseme, kuondoka Guangzhou 17:00 na kufika Dar es Salaam 23:30 siku ile ile, na msomaji huyo huyo atafurahi kwamba kurudi ni saa sita na nusu tu. Hesabu zote mbili si za kweli. Kuna njia nyepesi ya kuupata ukweli hata kama hujui tofauti ya saa kati ya nchi mbili: jumlisha muda wa kwenda na wa kurudi kama ulivyoandikwa kwenye tiketi, kisha gawanya kwa mbili. Kumi na tano na nusu kujumlisha sita na nusu ni ishirini na mbili, na nusu yake ni kumi na moja. Tofauti ya saa inajifuta yenyewe, kwa sababu kile ilichoongeza wakati wa kwenda inakipunguza wakati wa kurudi. Njia hii inafaa kwa viwanja vyovyote viwili duniani, na natamani ningaliijua mapema.

Jambo la tatu ndilo lililotuumiza. Tiketi ya mama mdogo, iliyokuwa ya kupitia mji mmoja wa Ghuba ya Uajemi, iliandikwa kuondoka Dar es Salaam Jumamosi, 01:20. Sisi tulisoma "saa 7 na dakika 20 usiku, Jumamosi", na katika maneno yetu ya kila siku hapa mjini usiku wa Jumamosi ni ule unaokuja baada ya mchana wa Jumamosi. Akaondoka Mwanza Jumamosi alasiri akiwa na utulivu wote. Alipofika kaunta pale Dar, ndege yake ilikuwa imeondoka zaidi ya saa kumi na tano zilizopita. Tiketi ilimaanisha usiku wa kuamkia Jumamosi. Nafasi nyingine ilipatikana Jumatatu usiku, kwa bei ya kununua upya, na akalala siku mbili katika nyumba ya wageni. Mimi ndiye niliyemsomea tiketi ile.

Nawaomba wenye uzoefu waongeze, na wenye kuona kosa katika hesabu zangu wasahihishe.

Mwalimu Nyegezi

Nimepitia hesabu za mwanzisha uzi kwa kikokotoo na zinakubali. Ningependa kuongeza jambo ambalo nimekuwa nikilifundisha darasani kwa miaka mingi na ambalo wanafunzi hulipenda.

Watu wengi waliosikia habari za duara kuu hudhani kwamba ramani ya ukutani inadanganya kila mahali kwa kiasi kile kile. Ramani ya mtindo wa Mercator, iliyotolewa 1569, iliundwa ili nahodha apige mstari mnyoofu na kushika uelekeo mmoja wa dira, lakini gharama yake ni kuzivuta nchi za karibu na ncha ya dunia zionekane kubwa mno. Kwa safari za kaskazini ya mbali, tofauti kati ya mstari mnyoofu wa ramani na njia fupi ya kweli ni kubwa sana, na ndiyo maana ndege zinazotoka Dubai kwenda Los Angeles hupanda kuelekea kaskazini kabisa badala ya kuvuka Atlantiki katikati. Sasa pigeni hesabu hiyo hiyo kwa Dar es Salaam na Guangzhou. Ukishika uelekeo mmoja wa dira njia nzima utaruka kilomita 8,728 hivi, na kwa duara kuu ni 8,710. Tofauti haifiki hata kilomita 20! Sababu ni kwamba safari hii inavuka ikweta na kubaki ndani ya ukanda wa joto karibu muda wote, na huko ndiko ramani ya Mercator inakosea kidogo kuliko kwingine kote. Sisi wa ikweta ramani hiyo imetutendea haki katika umbali, ingawa imetunyima ukubwa wa bara letu.

Mwenye tufe la darasani achukue uzi, aushike Dar es Salaam kwa kidole kimoja na Guangzhou kwa kingine, auvute mpaka ukaze. Utauona unatoka pwani yetu kuelekea mashariki-kaskazini, unavuka Bahari ya Hindi, unapita juu ya kusini mwa India, Ghuba ya Bengal, Myanmar, kaskazini mwa Thailand, Laos na Vietnam, kisha unaingia China kwa upande wa kusini. Katikati kabisa ya safari ipo baharini, mbele kidogo ya pwani ya Kerala, kusini-magharibi mwa India, mahali palepale ambapo majahazi yalikuwa yakifika kufuata viungo. Rubani wa kweli hatafuata uzi huo hatua kwa hatua, kwa kuwa anga lina njia zake zilizopangwa, kuna maeneo yaliyofungwa na kuna mawingu ya kukwepa, kwa hiyo kilomita zitakazorukwa daima huzidi kidogo zile za hesabu.

Dada wa Igoma

Mwanzisha uzi, pole sana na mpe pole mama mdogo. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini kwenda umeweka saa kumi na nusu na kurudi kumi na moja na nusu, ilhali njia ni moja? Pili, kwa nini tusipate ndege ya moja kwa moja kutoka hapa Mwanza, kama umbali ni ule ule karibu?

Msafiri wa Kamanga

Asante dada, nimezifikisha pole.

Swali la kwanza ni la upepo. Ndege haijali ardhi iliyo chini yake, inajali hewa inayoizunguka. Ndege kubwa ya kisasa kama Boeing 787 huenda kwa takriban kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa tulivu. Hewa hiyo ikisogea kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa kuelekea unakokwenda, ardhi itapita chini yako kwa 950, na kilomita 8,710 zitaisha kwa saa tisa na dakika kumi. Hewa ikija usoni kwa kiasi hicho hicho, unabaki na 850, na safari itachukua saa kumi na robo. Hapo tayari kuna tofauti ya saa nzima na dakika tano, kwa upepo ambao si mkubwa hata kidogo kwa vipimo vya huko juu. Ongeza dakika arobaini na kitu za kutembea uwanjani, kupanda, kuzunguka na kushuka, utapata saa kumi kwa upande mmoja na kumi na moja kwa upande mwingine. Mimi nimeongeza tena kidogo kila upande, kwa sababu muda unaoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa upande wa pili, na mashirika hujiwekea nafasi ya kuchelewa.

Upepo huo hubadilika kwa majira, na hapa pana jambo lililonishangaza nilipolisoma. Sisi tunajua kaskazi na kusi, pepo zilizoendesha majahazi kati ya pwani yetu na Arabuni na India. Lakini hizo ni pepo za usawa wa bahari. Kwenye kimo cha mita 11,000 mambo ni mengine kabisa. Miezi ya Desemba hadi Machi, wakati huku chini kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, kule juu, kwenye nyuzi 25 hadi 30 kaskazini, kuna mkondo wenye nguvu unaotoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingi huzidi kilomita 150 kwa saa. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar huingia pembeni mwa mkondo huo mwishoni tu mwa safari, juu ya Myanmar na kusini mwa China. Ndege inayotoka miji ya Ghuba, ambayo iko karibu nyuzi 25 kaskazini, husukumwa nao sehemu kubwa ya njia, kwa hiyo ndiyo itakayofaidi zaidi ikienda Januari na kuteseka zaidi ikirudi. Kisha kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa mvua kubwa za India, juu ya kusini mwa India huzuka upepo wa juu unaotoka mashariki, na hapo ndege ya kwenda Guangzhou kutoka Dar hukutana nao uso kwa uso. Ndiyo kusema safari moja, kwa ndege moja, inaweza kutofautiana kwa dakika nyingi kati ya Januari na Julai.

Kuhusu ndege ya moja kwa moja kutoka hapa, umbali si kikwazo, kwani Boeing 787-8, ambayo Air Tanzania iliipokea ya kwanza Julai 2018, inaweza kuruka takriban kilomita 13,500. Kuna mambo mawili. Uwanja wetu upo mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, ambapo wa Dar upo mita 55 tu. Kwenye kimo chetu, hasa jua likiwa kali, hewa ni nyepesi, mabawa na injini hupata nguvu pungufu, na ndege iliyojaa mafuta ya kilomita 9,000 huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia au ipunguze abiria na mizigo. La pili, ambalo nadhani ndilo kubwa, ni abiria: viti zaidi ya 260 vinapaswa kujazwa, na kwa sasa wasafiri wa Kanda ya Ziwa wa kwenda China hukusanywa Dar pamoja na wa nchi nzima.

Mnyamhongolo

Kwa nini kulipia ndege ya kwenda Dar? Mimi hupanda basi, nalipa kidogo, nafika.

Msafiri wa Kamanga

Kaka, basi ni uamuzi halali na wengi wetu tumeupitia. Ila liweke kwenye mizani ya muda. Barabara ya Mwanza hadi Dar inazidi kilomita 1,100, na kwa vituo, mizani na ukomo wa mwendo utakaa kwenye kiti muda mrefu kuliko ule ambao ndege itatumia kutoka Dar hadi Guangzhou. Kilomita 1,100 zinakuwa ndefu kuliko 8,710. Ukichagua basi, fika Dar siku moja nzima kabla. Basi likiharibika Singida, ndege haitakusubiri.

Na hata kwa ndege, ulizeni ni ndege gani. Kati ya Mwanza na Dar ndege ya mapanga kama ATR 72 huenda kwa takriban kilomita 510 kwa saa na itakaribia saa mbili tangu maegesho hadi maegesho, wakati ya injini za jeti kama Airbus A220 humaliza kwa saa moja na nusu au pungufu kidogo. Tofauti hiyo ya nusu saa ni kubwa ikiwa muda wako wa kubadili ndege ni mfupi.

Mdau wa Minofu

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, na kwetu swali la mwanzisha uzi huulizwa kila siku kwa namna nyingine. Mabondo ya sangara (vifuko vya hewa vya samaki huyo) yaliyokaushwa, ambayo soko lake kubwa lipo China na Hong Kong, hayajali kama safari ni ya saa kumi na mbili au siku mbili. Minofu mibichi hujali kila dakika. Kwa hiyo sisi hatupangi kwa kilomita za anga kamwe. Tunahesabu tangu mnofu unapowekwa kwenye boksi lenye barafu hadi unapopokelewa na mteja, na ndani yake mna lori, mizani, ukaguzi, foleni ya kupakia na kusubiri kwenye uwanja wa kubadilishia. Muda wa angani huwa ndio sehemu tunayoweza kuitabiri vizuri kuliko zote. Hatari ipo ardhini, kwenye saa za kusubiri juani. Ningemshauri msafiri wa kawaida naye ahesabu hivyo hivyo, mlango kwa mlango.

Mzee wa Kirumba

Wanangu, nimesoma kwa makini. Mimi ni mtu wa Pangani kwa kuzaliwa, Mwanza nimekuja kikazi 1979 na nimebaki. Nataka kusema jambo kuhusu Jumamosi ile.

Sisi kule pwani tulilelewa kwamba usiku hutangulia mchana wake. Jua likizama Alhamisi, huo tayari ni usiku wa Ijumaa, na ndivyo tunavyoandama mwezi na kuingia Ramadhani. Kwa hesabu hiyo ya wazee, "usiku wa Jumamosi" ni ule unaoanza Ijumaa jua linapozama na kumalizikia alfajiri ya Jumamosi. Tiketi iliyoandikwa Jumamosi 01:20 inaangukia humo sawasawa. Mama yenu mdogo asingeikosa ndege kama angesomewa na bibi yangu. Kilichotokea ni kwamba mijini tumeshika desturi ya kuufuatisha usiku nyuma ya mchana, huku tarehe ya kizungu ikigeuka saa 6 usiku, na hizo mbili hazikutani. Maneno "usiku wa kuamkia" yaliwekwa katika lugha kwa kazi hiyo, nanyi vijana myatumie.

Mkumbuke pia kwamba hata saa zetu wenyewe hazilingani na jua. Nilipohamia hapa nilishangaa kuona saa 12 na nusu jioni bado kuna mwanga mkubwa ziwani.

Mwalimu Nyegezi

Shikamoo mzee wetu. Hilo la mwanga lina hesabu yake. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye nyuzi 45 mashariki, na dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika nne. Mwanza ipo nyuzi 12 na ushei magharibi ya mstari huo, kwa hiyo jua letu huchelewa nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban dakika 48, na la Dar huchelewa kwa dakika 23. Anayeruka kutoka hapa kwenda Dar jioni hulikuta giza takriban dakika 25 mapema bila kugusa mshale wa saa yake. Kwa jua lenyewe, Guangzhou ipo mbele ya Mwanza kwa saa tano na dakika 21. Usingizi wa msafiri hufuata jua kuliko karatasi, na ndiyo maana siku mbili za kwanza huko mtu hukaa macho usiku wa manane na kusinzia mezani mchana. Mfanyabiashara asipange kukubaliana bei siku ile anayotua.

Dada wa Igoma

Swali la mwisho. Wakala mmoja aliniambia kupitia Dubai ni kuzunguka sana, na kwamba Addis Ababa ni njia fupi kwa sababu ipo "juu yetu" moja kwa moja. Je, ni kweli?

Msafiri wa Kamanga

Nami niliamini hivyo mpaka nilipopiga hesabu. Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni kilomita 1,763, na kutoka hapo hadi Guangzhou ni 8,038. Jumla 9,801. Dar hadi Dubai ni 3,978, na Dubai hadi Guangzhou ni 5,827. Jumla 9,805. Tofauti ni kilomita nne, ambazo hazikufikishi hata kwenye uwanja wetu wa ndege ukitokea katikati ya mji! Doha inazidi kidogo, 10,016. Miji hii mitatu yote ipo kaskazini ya njia fupi, na kila mmoja unaongeza kati ya kilomita 1,090 na 1,310 juu ya ndege ya moja kwa moja, yaani saa moja na dakika kumi na kitu hadi saa moja na nusu hivi za kuruka. Kinachozitofautisha njia hizi ni muda wa kukaa uwanjani katikati: kwenye tiketi nilizowahi kuzilinganisha nimeona kusubiri kwa saa mbili na kusubiri kwa saa kumi na tisa, kwa bei ambazo hazikupishana sana. Ulizeni hilo kwanza kabla ya kuuliza kilomita.

Ukipita Addis, saa ni sawa na yetu, na Waethiopia wenyewe huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza kama sisi, ingawa mbao za uwanjani huandikwa kwa hesabu ya kimataifa. Ukipita Doha pia huongezi kitu. Dubai ipo mbele yetu kwa saa moja, na hiyo moja ndiyo inayowapotosha watu, maana huiona ndogo wakaipuuza, kisha wakafika mlangoni ndege ikiwa imefungwa. La muhimu zaidi ni tiketi: ikiwa ya Mwanza na ya nje zimenunuliwa mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa hakuna anayewajibika kukupeleka mbele, na pale Dar utalazimika kuchukua mizigo yako jengo la safari za ndani na kuhamia Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019, kuanza upya. Kaunta za safari za nje mara nyingi hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuondoka. Mimi siachi chini ya saa tano kati ya kutua na kuruka.

Mama mdogo amekwenda tena Oktoba. Safari hii sikumsomea tiketi kwenye simu. Tulikaa mezani tukachukua karatasi ngumu na kuigawa safu tatu: ya kwanza saa kama ilivyo kwenye tiketi, ya pili saa hiyo hiyo kwa maneno yetu, na ya tatu saa ya Mwanza wakati huo. Kwenye mstari wa kuondoka Dar aliandika kwa mkono wake, "saa 7 na dakika 20, usiku wa kuamkia Jumatano", akapigia mstari neno "kuamkia" mara mbili, akaikunja karatasi ndani ya pasipoti. Jumanne saa 4 asubuhi alikuwa ameshaondoka Mwanza.